Mnaogopa kitabu, mganga hamumuogopi!

Mie huku Bawshar mzima, alhamdulillah, joto ndo hilo mnalolijua na kazi inaendelea. Leo sina khabari za bei ya samaki wala picha za machuguu ya mchanga. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni wa kitabu. Katika ule mzigo wa mwisho nilimtilia mtoto wa dada yangu riwaya moja ya Kiingereza. Jalada lake lina neno "djinn". Basi! Kimekamatwa. Kimetiwa kabatini, ufunguo anao Shangazi, na kesi imeshasomwa kwenye kundi la familia bila ya mshitakiwa kuitwa. Nimesikiliza ujumbe wa sauti kumi na nne, mmoja wa dakika sita (Kaka, ulikuwa unaendesha gari huku unahutubia?). Nikizikusanya hoja zenu naona ni tatu. Kwamba kusoma khabari za majini ni kuyaita majini. Kwamba hayo ni mambo ya kizungu, Mswahili hana hadithi za namna hiyo. Na kwamba mtoto mwenyewe anaumwa, na "ugonjwa wake mnaujua", kwa hiyo kumpa kitabu kama hicho ni kumwagia moto mafuta ya taa.

Shangazi, shikamoo. Mkono wako naubusu. Lakini kwa hili nitakupinga mbele za watu, kwa sababu na wewe umenipinga mbele za watu.

Tuanze na kitabu chenyewe, maana naona waliokihukumu hawakukifungua. Kinaitwa A Master of Djinn, kimetoka mwaka 2021. Mwandishi anajiita P. Djèlí Clark, ni Mmarekani ambaye wazee wake wametoka Trinidad, na jina lake halisi ni Dexter Gabriel, msomi wa historia katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Kitabu kilipata tuzo ya Nebula, ambayo ni kubwa katika hadithi za mambo ya ajabu. Si cha kwanza katika mfululizo huo. Kabla yake alitoa hadithi fupi, A Dead Djinn in Cairo, mwaka 2016, na mwaka 2019 kijitabu cha The Haunting of Tram Car 015, ambamo behewa la tramu mjini Cairo limeingiwa na pepo na wapelelezi wawili wanatumwa kwenda kulichunguza. (Umeona Shangazi, kumbe hata gari hupandwa!)

Hadithi iko Cairo mwaka 1912, lakini Cairo ya kubuni. Miaka arubaini hivi kabla ya hapo mtu mmoja wa Sudan aitwaye al-Jahiz ametoboa ukuta baina ya dunia yetu na ulimwengu mwengine, na majini wakaingia. Waingereza wametolewa Misri. Majini wamekuwa raia, wanajenga majumba, wanaajiriwa, mmoja ndiye mkutubi wa serikali tena mkali kuliko wakutubi wote niliowahi kuwaona. Kuna wizara nzima ya kushughulikia mambo hayo, na katika wizara hiyo kuna mpelelezi wa kike, Fatma, kijana wa Kisaidi anayevaa suti za kiume na kofia ya Kiingereza na kushika bakora. Usiku mmoja watu wa chama cha siri kinachoongozwa na tajiri wa Kiingereza wanauliwa kwa moto, wote kwa mpigo. Muuaji anajitokeza hadharani kavaa barakoa ya dhahabu na anasema yeye ndiye al-Jahiz, amerudi. Mji unagawika, na wengi wanamfuata.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipokipenda.

Katika mji ule majini wapo. Habishani mtu. Unakutana nao sokoni. Kwa hiyo kama kuna mahali popote ambapo mpelelezi angeweza kusema "hii kazi ya majini, funga faili, twendeni tukalale", ni pale. Na Fatma hasemi hivyo hata siku moja. Akiambiwa ni jini, anauliza jini gani, ametumwa na nani, alikuwa wapi saa ngapi, nani amefaidika. Akiambiwa ni al-Jahiz amerudi, anataka kujua aliyevaa barakoa ni nani, na kwa nini amechagua jina kubwa namna ile la kujifunikia. Jawabu siwaambii, kuna mtu hajamaliza kusoma. (Mwisho wake una vita na moto mwingi mno kwa ladha yangu, mie napenda zaidi pale wanapopekua karatasi. Lakini hayo ni ya pembeni.)

Mnasema kitabu kinamfundisha mtoto kuamini majini. Jamani, kuamini majini ameshafundishwa nyumbani, bure, tangu hajajua kusoma. Kitabu kinamfundisha kuuliza suala la pili.

Mie hilo suala la pili ndilo linalonilisha. Nafanya kazi eneo la viwanda la Ghala, hapa hapa Bawshar. Ndiyo, mahali panaitwa Ghala, na mie kweli mtu wa ghala, nahesabu katoni. Mwenzangu mmoja kazini ni mtu wa Bahla. Bahla mnaisikia, ule mji wa ngome kubwa ya udongo iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 1987, na Oman nzima ukitaja Bahla watu wanacheka na kukutajia majini na wachawi. Huyu bwana akichelewa husema jini la njiani limemshika mguu. Tunacheka sote, msimamizi anacheka pia, halafu anaandika: dakika arubaini. Na siku katoni tatu za vipuri zilipopotea, hakuna aliyemwita mtu wa kufusha ubani. Tulitoa karatasi za kupokelea mzigo, tukatazama kamera, tukamuuliza kila aliyeshika funguo, tukazikuta kwenye rafu ya upande wa pili, zimebandikwa namba isiyo yake. Jioni ile yule yule mtu wa Bahla alinihadithia juu ya watu ambao huku husemwa kuwa hawakufa, wamechukuliwa na wachawi na wamefichwa. Wazee wa Oman wana neno lao kwa mtu wa namna hiyo, mughayyab. Anaamini nusu nusu. Lakini asubuhi anahesabu katoni kama mie.

Hakuna kampuni duniani itakayokubali hasara ya katoni tatu kwa kuambiwa "ni jini". Sisi tunakubali hasara ya mtoto.

Ngojeni, nitafika huko. Kwanza niimalize ile hoja ya mambo ya kizungu, maana hiyo kwa kweli imenichekesha. Shangazi, katika kabati hilo hilo ulilofunga, rafu ya chini, nyuma ya mikeka, kuna vitabu vya marehemu baba. Naomba ukavitazame. Utakuta Mzimu wa Watu wa Kale. Utakuta Kisima cha Giningi, jalada limetoka. Nadhani na Duniani Kuna Watu kipo, kama hakikuazimwa na mtu wa Kikwajuni. Vyote vya Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, mwaka 1918. Mtu aliyeanza na kazi ya ukaguzi wa afya, kisha akawa mhariri wa magazeti, na miaka kumi akalihariri Mkulima. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957 na 1958, kikachapwa 1960. Kisima cha Giningi kikafuata 1968. Mfululizo ukaendelea mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Sasa niambieni, mzimu ni neno la kizungu? Giningi ni wapi, Manchester? Giningi tumetishwa nayo sote utotoni, mji wa wachawi usioonekana, ukilia usiku utapelekwa Giningi. Mtu wa Makunduchi akaichukua hofu hiyo hiyo ya bibi zetu, akaiweka kwenye jalada, na ndani akamtia Bwana Msa na kiko chake, na Najum wa kumuuliza masuali.

Najua wasomi wanasema Bwana Msa amejifunza kwa Sherlock Holmes. Kweli amejifunza, na mwenye macho ataona, kile kiko hakikuja chenyewe. Najua pia kwamba mara nyengine Bwana Msa anasema maneno mengi kuliko ushahidi alionao, na wanawake katika vitabu vile wangeweza kupewa kazi nzuri zaidi. Lakini tazameni anachokifanya. Mtu amekufa, maiti imeonekana penye mzimu, na watu wanaona jawabu liko wazi wala halihitaji mpelelezi. Yeye anaona hapo ndipo kazi inapoanza. Kwa Bwana Msa mzimu unakuwa pazia na nyuma ya pazia kuna mtu. Kwa Fatma wa Cairo majini ni ya kweli na bado nyuma ya pazia kuna mtu. Njia mbili, kituo kimoja. Baba alivisoma vitabu vile kwa sauti barazani na nusu ya mtaa ikasikiliza, na sikumbuki jini hata mmoja aliyekuja kukaa nasi, ingawa kahawa ilikuwapo.

Na kufungia vitabu hakukuanza na kabati la Shangazi. Mwaka 2013 huko Saudia kulikuwa na riwaya ya HWJN, ya Ibraheem Abbas na Yasser Bahjatt, inayohadithiwa na jini wa Jeddah. Ikatolewa madukani kwa tuhuma za kuwatia watu katika uchawi. Miaka kumi baadaye, 2023, filamu iliyotengenezwa kutokana na riwaya hiyo ndiyo iliyofungua tamasha la filamu la Bahari ya Sham, hapo hapo Jeddah. Huku Oman nako waandishi hawajaogopa mambo yanayozungumzwa na wazee. Zahran Alqasmi alishinda tuzo kubwa ya riwaya ya Kiarabu mwaka 2023 kwa kitabu juu ya mtu anayesikia maji chini ya ardhi. Sisi wenye Giningi, tunafunga makabati.

Haya. Sasa mtoto.

Nimemuomba ruhusa mwenyewe na amenipa, jina simtaji. Ana miaka kumi na saba, na Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Anaanguka. Kuanzia miaka mitatu iliyopita anaanguka, anatetemeka, anauma ulimi, akiamka hajui alipo. Hospitali walisema kifafa, wakampa vidonge. Mimi si dakta, mimi mtu wa katoni. Lakini nina simu, na simu yangu ina ujumbe wenu wote wa mwaka mzima, na nilikaa usiku wa Ijumaa nikausoma tena mmoja mmoja, na tarehe zake. Nimefanya upelelezi. Bwana Msa angekuwa hai angenipa kiko.

Nimeona hivi. Tangu aanze vidonge, kuanguka kulipungua kutoka karibu kila wiki hadi miezi saba mizima bila ya kuanguka hata mara moja. Miezi saba! Ujumbe upo, mama yake ananiambia "mashallah amenenepa". Halafu ikaja harusi ya upande wa baba yake, siku tatu za kukesha, akaanguka mara moja mbele ya watu. Mara moja tu, lakini mbele ya watu. Hapo ndipo neno jini linapotokea kwa mara ya kwanza katika simu yangu. Nani alilisema mwanzo? Hakulisema mama yake, wala Shangazi. Alilisema mgeni wa harusini, na mgeni huyo ndiye aliyetoa namba ya mganga. Shangazi, hili ulilijua?

Mganga akasema ni jini la baharini, limempenda. Akasema halipendi dawa za hospitali. Vidonge vikasimamishwa siku ya tatu baada ya Iddi. Siku ya kumi na mbili baada ya Iddi akaanguka. Wiki iliyofuata akaanguka mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa jikoni, na mkono wake wa kulia mmeuona. Mkaniambia jini limekasirika. Mie nahesabu siku: siku tisa bila ya vidonge. Siku tisa! Katoni zikipotea siku tisa baada ya kubadilisha mtu wa zamu, nitaanza kwa kuuliza nini kilibadilika.

Na jini hili lina akili ya fedha, lazima tulisifu. Mshahara wangu unaingia tarehe 27, nazituma tarehe 28. Ombi la kwanza la mganga lilikuja tarehe 29: shilingi laki mbili, na ubani, na marashi. Ombi la pili lilikuja mwezi uliofuata, tarehe 29 tena: laki tatu na nusu na beberu mweusi asiye na doa. Jini la baharini, lakaa chini ya maji, linajua tarehe ya mishahara ya Muscat! Laki tano na nusu kwa miezi miwili. Fedha hizo nilizituma kwa jina la dawa na nauli ya hospitali, na vidonge vya miezi hiyo yote visingefika hata robo yake.

Halafu nikajiuliza suala ambalo limeninyima usingizi zaidi kuliko mengine. Mganga huyu akikosea, tutajuaje? Mtoto akiacha kuanguka, mganga amelitoa jini. Mtoto akizidi kuanguka, jini limekasirika, ongeza beberu. Hakuna hata siku moja katika kalenda ambayo mtu huyu atahesabika amekosea. Dakta akikosea tunamsema mtaa mzima mpaka na wajukuu zake. Kwa nini huyu peke yake hana mtihani wa kufeli?

Ugonjwa wenyewe si wa peke yetu, na si wa pwani. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wanaweza kuishi bila ya kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa inavyopaswa. Na vidonge vyake havisimamishwi ghafla. Kuvikata ghafla kunaweza kurudisha kuanguka kwa nguvu zaidi, hata mfululizo usiokatika, na huo mfululizo unaua. Tulipokuwa wadogo degedege la watoto tuliambiwa ni dege linalopita juu ya nyumba. Wangapi walipelekwa kufushwa wakati malaria inawamaliza? Makaburi yao madogo tunayajua yalipo.

Sitaki kuwaonea. Nawaelewa mlivyofika huko. Mganga alikaa na mtoto saa mbili, akamuuliza ndoto zake, akamshika kichwa, akamwita binti yangu. Hospitali walimpa dakika tatu baada ya foleni ya kutwa, na hakuna aliyewakalisha chini kuwaambia kwamba vidonge hivi haviachwi mtu akijiona mzima, na kwamba kukesha usiku kunaweza kumwangusha hata aliyekuwa salama kwa miezi. Kama wangesema hilo moja tu, ile harusi ingekuwa harusi. Hilo nalo ni kosa, na waliolifanya wamesomea. Lakini mtu asiyejieleza vizuri na mtu anayekuibia kwa maneno mazuri siwaweki katika rafu moja.

Wala msiseme nimekwenda Uarabuni nikarudi mkanushaji. Sikanushi majini. Katika Qur'ani kuna sura nzima yenye jina lao, nani wa kukanusha? Lakini kuwapo kwa majini duniani si ushahidi kwamba jini fulani yumo ndani ya mtoto fulani na anataka laki tatu na nusu. Wezi wapo duniani, je nikipoteza viatu msikitini nimkamate wa kwanza kupita? Na masheikh wetu hao hao mnaowataja wanatufundisha kwamba anayemwendea mpiga ramli kumuuliza mambo ya ghaibu, sala yake ya siku arubaini haipokelewi. Wanatufundisha pia khabari ya mwanamke aliyekuwa akianguka, akamwendea Mtume (S.A.W.) kuomba dua. Hakuombwa kuku wala beberu. Dua someni, Shangazi. Someni usiku na mchana, na mie huku nasoma. Dua haijawahi kugombana na kidonge.

Mnaokumbuka mwaka 1995, kumbukeni. Popobawa alipotoka Pemba akaingia Unguja, tulilala uwanjani wazee kwa watoto, moto umewashwa, mapanga mkononi. Mimi nilikuwa kijana, niliona raha, sikatai, usiku kucha nje! Lakini mjini umati ulimuua mtu aliyedhaniwa ndiye Popobawa, na alikuwa mgonjwa wa akili. Usiku ule jini hakuua mtu. Watu walijua jawabu kabla ya suala, na hakuwapo Bwana Msa wa kusema ngojeni. Bara nako, watu wenye ualbino wameuliwa na kukatwa viungo kwa maneno ya waganga, mpaka Januari 2015 serikali ya Tanzania ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wa namna hiyo. Hakuna kati ya wauaji hao aliyefundishwa na riwaya.

Ndiyo maana nilimpeleka mtoto kitabu kile, na sikukosea anuani. Nilitaka asome khabari za msichana anayesimama mbele ya watu wazima wenye vilemba na vyeo na kuwauliza, kwa adabu, mmejuaje? Siku mtu atakapomshika kichwa na kumwambia wewe una mume wa baharini, nataka awe na masuali manne ya kumuuliza yule mtu kabla ya kulia. Mmemnyang'anya akiwa ukurasa wa mia na kitu. Ananiandikia usiku kuniuliza aliyevaa barakoa ni nani. Simwambii.

Basi mpango ni huu, na naomba usijadiliwe kwenye kundi kwa ujumbe wa dakika sita. Nimezungumza na dada yangu. Jumatatu asubuhi anampeleka mtoto hospitali, aelezwe vidonge vinarudishwaje, maana na huko kurudisha kuna kipimo chake, asijifungulie kopo mwenyewe nyumbani. Aandike maneno ya dakta kwenye karatasi, kama hakuyafahamu ayaulize tena, foleni iwe na ghadhabu ya namna gani. Atembee na orodha ya siku zote alizoanguka, nimeshaiandika na tarehe zake, nimemtumia. Jikoni asikae peke yake, na kuogelea baharini kwanza basi. Usiku alale, hata kukiwa na harusi ya mfalme.

Nauli na fedha ya dawa nimezituma leo, kwa namba ya dada yangu mwenyewe, si ya nyumba. Mganga akipiga simu tarehe 29, mpeni namba yangu ya Oman. Aniambie jini linataka nini, na mie nitamuuliza saa ngapi, wapi, na nani aliona.

Shangazi, ufunguo mpe mtoto. Na ukiwa umeshalifungua kabati, nitolee Kisima cha Giningi, mpe mtu wa kuja Muscat. Hapa kazini kuna mtu wa Bahla anataka kuhadithiwa.

Dada, risiti za dawa usizitupe. Nazitaka zote.